Meneja na Viroba vya Kupandia

Meneja wetu alikuwa haamini mizani mpaka kwanza meno yake yaseme. Mkulima akishusha gunia la alizeti, yeye alikuwa anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, anachota mbegu za chini kabisa, maana za juu kila mtu huzipanga zipendeze. Anatia mbili tatu mdomoni, anapasua, anatema maganda pembeni, halafu anatoa hukumu. "Hii imevunwa bado mbichi." Au: "Hii ilikaa darini juu ya jiko, inanuka moshi." Na hakosei, bwana wee! Nimewaona wazee wa Ihanja wakicheka kwa aibu na kukiri kwamba kweli, ilikaa juu ya jiko.

Mimi nilikuwa mchapaji wake. Kwenye barua niliitwa Katibu Muhtasi, kwenye midomo ya watu niliitwa binti wa taipu. Miaka tisa nilikaa kwenye kile chumba cha katikati, mlango wake kulia, chumba cha mhasibu kushoto, na harufu ya mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, ikanikaa kwenye nywele; mpaka leo nikikutana nayo sokoni nageuza njia. Kiwanda kilikuwa Ikungi, kando ya barabara iendayo Dodoma. Jengo refu la bati, mashine mbili za kukamua, ghala moja la saruji lililoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipate njia. Zamani kilikuwa mali ya chama cha ushirika. Ikaja ile miaka ya kuuza kila kitu, nacho kikauzwa kwa kampuni ya watu wa Dar es Salaam. Meneja alikuwepo kabla ya kuuzwa, akabaki baada ya kuuzwa.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sisemi. Sijui vizuri, na hata ningejua haisaidii. Jina lake ninalo na litabaki kwangu. Sisi wote tulimwita Meneja, na mkewe naye alimwita Meneja mbele za watu, hata akimwambia chakula kimeiva.

Wanaoniuliza kama alikuwa mtu mbaya wananiudhi. Wanataka niwape jibu la neno moja wakaendelee na safari zao. Haya, kaeni basi.

Kwanza miguu yake. Alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi, vinakaa chini ya meza ya ofisi vimepigwa kiwi, na vinavaliwa akija mgeni. Siku nyingine zote alitembea na katambuga za tairi kama mkulima yeyote, kutoka nyumbani kwake hadi kiwandani, na njiani alisimama kwa kila mtu. Anajua nani ana mgonjwa, nani ng'ombe wake amezaa, nani amegombana na mkwewe. Anasalimia wazee kwa shikamoo ya kuinama kweli kweli, hata wale waliovaa matambara, hata wale waliokuja kumlalamikia. Kwenye kantini alikula na wabeba magunia, ugali wa uwele na mlenda, na aliumega kwa haraka sana, vidole vinaungua, kwa sababu alisema mtu anayekula polepole kazini anaiba.

Ukali wake ulikuwa wa ajabu. Ukichelewa dakika tano anakusubiri mlangoni, hasemi kitu, anakuonyesha saa tu. Lakini mtu akifiwa, Meneja ndiye wa kwanza kufika, na hakuja na maneno, alikuja na dumu la mafuta na kukaa chini na wanaume mpaka jioni. Fundi wa mashine namba mbili alipokufa kwa homa, Meneja alilia mbele yetu bila kujificha, kamasi zikimtoka, akajifuta kwa mkono wa shati. Wiki iliyofuata alimkata mlinzi mshahara wa siku mbili kwa kusinzia. Ndivyo alivyokuwa.

Na alikuwa bahili wa sukari! Kwenye chai ya ofisi kijiko kimoja, na alikipima kwa kisu juu. Siku moja nikajitilia cha pili nikidhani hanioni. "Binti," akasema bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake, "hicho cha pili ni cha mkulima gani?" Nilikunywa ile chai bila kuonja utamu wowote.

Sasa nije kwenye mshahara, maana hapo ndipo habari yake ilipo.

Enzi za ushirika, mwisho wa mwezi orodha ya mishahara ilibandikwa ukutani kando ya mlango wa ghala. Majina yote, kuanzia mfagiaji hadi Meneja, na mbele ya kila jina kiasi chake. Mimi ndiye niliyeichapa na mimi ndiye niliyeibandika. Watu walisoma, walicheka, walitaniana, aliyeongezewa alisindikizwa kwa vigelegele. Kisha tulipanga foleni mbele ya meza ya mhasibu, na Meneja alisimama nyuma kabisa. Alikuwa na kauli yake: "Zikiisha, ziniishie mimi." Mwezi mmoja zikaisha kweli. Alikunja kofia yake, akachukua dumu moja la mafuta badala ya mshahara, akaenda nalo nyumbani kwa miguu, na sisi tulikaa tukimtazama mpaka alipopotea nyuma ya nyumba za maduka. Siku ile ungeniambia nimfie, ningekuuliza saa ngapi.

Ni mtu huyo huyo aliyeanzisha desturi ya viroba vya mbegu. Naomba jambo hili lieleweke, kwa sababu wengi wanalisahau. Kule kwetu alizeti huvunwa mwezi wa tano na wa sita, na mvua ya kupandia huja Desemba. Katikati hapo kuna miezi ya njaa. Meneja aliona akina mama wanakuja mwezi wa kumi kuuza mbegu walizojiwekea kwa ajili ya kupanda, wanaziuza wakiwa wametazama chini, halafu mvua ikinyesha wanazunguka kuomba. Siku moja akakataa kununua. Alisimama kwenye mizani akapaza sauti: "Hii ya kupandia siinunui hata unipe bure! Ilete wakati wa mavuno, nikutunzie ghalani, mvua ikija uichukue."

Basi ikawa desturi. Kila nyumba, baada ya mavuno, inachagua vichwa vikubwa vilivyojaa mpaka katikati, inavipukuchua kwa mkono, mbegu zinatiwa kwenye kiroba na kuletwa ghalani. Hakuna risiti wala malipo. Kila mtu aliweka alama yake mdomoni mwa kiroba: huyu kitambaa chekundu, huyu shanga, huyu kamba ya mkonge yenye mafundo matatu. Ghala upande wa mashariki lilikuwa la viroba tu, vimepangwa kijiji kwa kijiji, kuanzia Ihanja hadi vijiji vya mbali ambavyo watu wake walifika na punda. Cha mama yangu kilifungwa kwa upindo wa kanga ya njano iliyochakaa. Cha jirani yetu Mama Zaituni, aliyekuwa rafiki wa mama tangu wote wawili walipoolewa Ihanja, kilikuwa daima pembeni ya cha mama, wanavileta pamoja na kuvichukua pamoja. Na hakuna kiroba kilichowahi kupotea. Kwa miaka yote ile, hata kimoja.

Kiwanda kilipouzwa, kitu cha kwanza kilichoondoka ni ile orodha ukutani. Mwakilishi wa kampuni, kijana mmoja nadhifu aliyekuja na gari kila baada ya miezi mitatu, aliniambia mshahara ni siri ya mtu na mwajiri wake. Kwa hiyo siku ya malipo tulipewa bahasha, na Meneja hakusimama tena kwenye foleni. Zake zilipitia benki ya Singida mjini. Lakini siri gani, jamani, wakati mkataba nimeuchapa mimi? Nilichapa kile kiasi nikadhani nimeongeza sifuri. Nikamrudia na karatasi mkononi. "Meneja, hapa nimekosea?" Akanirudishia karatasi. Akasema, "Hapana. Iache hivyo." Na hakuniangalia usoni, nakumbuka vizuri.

Mwaka ule wa kwanza mafuta yalipungua, kwa sababu mashine namba moja ilikufa na vipuri havikuja. Mshahara wake ukapanda. Mwaka wa pili tulikamua pungufu zaidi, wabeba magunia kadhaa wakaachishwa, na mimi nikachapa barua zao za kuagwa na barua yake ya nyongeza siku moja, kwenye taipu ile ile. Mwaka wa tatu ukipiga hesabu ungeona Meneja peke yake anachukua kuliko sisi wote tuliobaki, fundi, walinzi, mimi na mhasibu tukiwa ndani. Nilimuuliza yule mwakilishi, kwa utani lakini kwa hasira, inakuwaje kiwanda kinashuka na mtu wake anapanda. Akacheka. "Dada, meneja mzuri hapatikani kwa bei ya mtama." Nilitaka kumwambia kwamba huyu wetu tulimpata kwa dumu la mafuta.

Meneja alibadilika polepole, wala siyo kwa namna ambayo ungemnyooshea kidole. Viatu vyeusi vikaanza kuvaliwa Jumatatu, kisha kila siku. Likaja gari la milango minne lenye bodi la wazi nyuma, na njiani hakusimama tena, alipiga honi tu na kuinua mkono. Kantini alisema tumbo linamsumbua, akawa analetewa chakula kwenye chombo chenye mfuniko. Sukari iliongezeka kwenye chai, na mimi niliinywa, siwezi kujitoa. Bado alionja mbegu kwa meno. Bado aliinama kwa wazee. Lakini mezani kwake kulikuwa na karatasi za michoro ya mistari inayopanda na kushuka, naye alizikodolea macho siku nzima.

Halafu wenye kampuni wakagundua kile tulichokuwa tunanong'ona, kwamba wanamlipa mtu kwa kushuka. Wakaja na mkataba mpya. Mshahara unabaki, lakini juu yake kuna bonasi, na bonasi inafuata lita. Zikifika kiwango fulani ndani ya mwaka wa mkataba, anaipata yote. Zikipungua hata dumu moja, hapati kitu. Wacha nikwambie ukweli, tulifurahi. Fundi alisema, "Sasa atalipwa kwa kazi kama sisi." Mimi niliuchapa ule mkataba nikiwa natabasamu. Mwaka wake ulikuwa unakatika mwisho wa Novemba, tarehe aliyotia saini.

Tulikamua mwaka ule kama wendawazimu. Fundi alilala pembeni ya mashine. Meneja alirudia katambuga zake, akazunguka vijijini mwenyewe kununua alizeti hadi Mitundu, na kwa miezi michache tulimwona tena yule wa zamani. Nilimpenda upya. Ilipofika wiki ya tatu ya Novemba hakukuwa na mbegu ya kununua popote, na tulikuwa tumepungukiwa. Kidogo tu.

Ilikuwa Ijumaa, kama saa nne asubuhi. Aliniita, akanipa karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa kama kawaida yake. Amri kwa fundi na mtunza ghala: kuanzia Jumatatu, mali yote iliyobaki ghalani, upande wa mashariki ukiwemo, ipelekwe mashineni. Kulikuwa na sentensi moja ya kueleza kwamba kwa mujibu wa hati ya mauzo kila kilichomo ndani ya ghala ni mali ya kampuni, na nyingine kwamba wakulima watapewa mbegu bora za kisasa kabla ya mvua.

Nilisoma nimesimama. Nikasema, "Meneja, hivi ni viroba vya watu."

"Wataletewa mbegu nzuri kuliko hizo."

"Zitafika lini?"

"Chapa, binti."

Sikupiga kelele, wala sikutoka nje kumwambia mlinzi, au dereva wa basi la Ihanja aliyekuwa anapita pale mlangoni kila mchana na ambaye angefikisha habari kijijini kabla jua halijazama. Siku mbili nzima zilikuwepo, Jumamosi na Jumapili. Watu wangekuja na punda, na baiskeli, na vichwa vyao, wangebeba vyote. Nililijua hilo wakati ule ule, siyo kwamba limenijia baadaye. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria wadogo zangu wawili waliokuwa sekondari na karo yao ilitoka kwangu na kwenye shamba la mama. Kisha nikasema jambo ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni linanifanya nifumbe macho.

"Meneja, naomba cha mama yangu."

Akafunika kalamu yake. Akasema, "Kichukue. Usipite mlango wa mbele."

Nilifikiri ni huruma. Nilimshukuru! Nikasema asante, Meneja, Mungu akubariki, nikaenda kuchapa.

Kile kiroba nilikibeba Jumamosi kupitia mlango wa mashudu, nikakiweka chini ya kitanda changu kwenye chumba nilichopanga. Ili kukitoa ilibidi nikisogeze cha Mama Zaituni kilichokuwa kimekiegemea. Nilikisogeza, nikakirudisha sawa mahali pake. Jumatatu mashine iliwaka. Jumatano lita zikafika, tena zikapita. Nikachapa ripoti ya mwaka: uzalishaji umepanda kupita lengo. Ilikuwa kweli kila neno.

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya Desemba, mvua nzuri, ya kulowesha hadi chini. Kesho yake walikuja. Akina mama wa Ihanja walifika kwa basi la kwanza, wengine kwa miguu, na ghala likafunguliwa likiwa tupu limefagiwa. Meneja alisimama kwenye ngazi akawaeleza habari ya mbegu za kisasa. Hawakumtukana. Hilo ndilo lililonishinda. Mama mmoja mzee aliuliza tu, kwa upole, kama mtu anayedhani hajaeleweka, "Na changu mimi, kile chenye kitambaa chekundu?" Meneja akamwinamia akamwambia, "Shikamoo mama. Vumilia kidogo, vinakuja."

Mama yangu alikuwa miongoni mwao; nilimvuta kando nikampeleka chumbani kwangu. Nilipoinua shuka akaona ule upindo wa kanga ya njano, kwanza alicheka kwa furaha. Kisha akainama, akatazama chini ya kitanda kama kuna kingine.

"Cha Mama Zaituni kiko wapi?"

"Sikuweza, mama."

Aliacha Kiswahili akanisemesha kwa Kinyaturu, na aliniuliza kitu kimoja: nilijua tangu lini. Nikamwambia. Akakaa kitandani, mkono juu ya kiroba, na nje tulisikia wenzake wakiitana ili wawahi basi la kurudi. Nilidhani atakikataa. Nadhani hata yeye alidhani hivyo. Halafu akasema, "Hao wadogo zako watalipiwa karo na nini?" Akavua kanga yake ya mabegani, akakifunika. Tukakubaliana tuseme kwamba nimemnunulia mbegu Singida mjini kwa mshahara wangu.

Mbegu za kisasa zilifika Februari, lori moja, za kuuzwa, na mvua ilikuwa inaondoka. Waliozinunua walipata vichwa vyenye maganda matupu katikati. Wengi walirudia mtama na uwele, chakula walipata, lakini fedha ya hospitali na ya shule haikuwepo. Mwezi wa tatu, ukisimama kwenye kilima cha Ihanja, shamba moja tu lilikuwa la njano. La mama. Mama Zaituni alikuja kulitazama, akamshika mama mkono, akamwambia, "Wewe umezaa mtoto. Wangu mimi angeninunulia?" Mama alikuwa amempa bakuli moja la mbegu ile Desemba, na kwa bakuli lile alishukuriwa mpaka akaugua. Tangu siku ile mama hakukanyaga shambani mpaka mavuno. Aliwatuma wadogo zangu.

Zaituni alikuwa kidato cha pili. Alirudishwa nyumbani kwa karo, akasubiri, hakurudi tena.

Msimu uliofuata hapakuwa na cha kukamua, na waliokuwa na kidogo hawakukileta kwetu. Kampuni ikafunga. Sisi tulipewa mshahara wa mwezi mmoja na barua, barua nilizochapa mwenyewe, na ya kwangu nikiichapa mwisho. Meneja alilipwa miezi yote iliyobaki kwenye mkataba wake, akaachiwa na gari. Bonasi alikuwa ameshaichukua.

Nimeishi na hili zaidi ya miaka kumi. Mama alifariki, na Mama Zaituni ndiye aliyeshika usimamizi wa jiko la msiba, akalala kwetu siku nne, akawasimulia wageni habari ya binti aliyemnunulia mamaye mbegu mwaka wa shida. Nilikuwa nasikia kutoka chumba cha pili.

Mimi siku hizi nina kibanda cha kuchapa na fotokopi hapo hapo Ikungi, karibu na soko. Siku moja ya gulio, Mama Zaituni alikuwa amekaa kwenye benchi langu akisubiri nimtolee nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, mtoto wa Zaituni. Mlango ukatiwa kivuli. Viatu vyeusi, vimepigwa kiwi.

"Binti wa taipu!"

"Shikamoo, Meneja." Mdomo ulisema wenyewe.

Alikuwa amenenepa kidogo, nywele nyeupe, sauti ile ile. Alimwinamia Mama Zaituni, akampa shikamoo, na yule mama alimwitikia kama mgeni yeyote, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Meneja alitoa karatasi mbili za herufi kubwa. Kuna kiwanda kipya kinajengwa, wanatafuta mkurugenzi, anataka wasifu wake uchapwe vizuri na sisi tunaelewana mwandiko. Nikakaa kwenye kompyuta. Nikachapa elimu yake, nikachapa kazi alizoshika. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba chini ya uongozi wake uzalishaji ulipanda kupita lengo.

Vidole vikakataa. Damu ilinipanda, nikasahau niko na nani humo ndani. "Hivi wewe Meneja, hili unaliandika kwa uso upi? Ulijua zile mbegu hazitafika Desemba!"

"Nilijua," akasema. Hakukasirika hata kidogo. "Mkataba ulisema lita, binti. Haukusema mbegu. Ningekataa, wangemleta mwingine akamue mpaka maturubai."

"Ulikula viroba vya watu!"

"Nililipwa kwa lita. Na wewe ulilipwa kiroba cha mama yako, ukaniambia Mungu anibariki." Alisema polepole, kama anavyomweleza mtu mbegu yake ina kasoro gani. "Mimi sikukulaumu. Na wewe usinilaumu."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma bado. Niligeuka. Mama Zaituni alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye magoti, uso ameuelekeza kwangu, na midomo yake inatembea kidogo kama anayehesabu miaka.

"Kile cha njano," akasema. "Kumbe ni kile kile."

"Mama, nisamehe."

"Subiri kwanza." Aliinua kiganja. "Na mamako alijua?"

Mama yuko kaburini, na huyu ndiye aliyemwosha. Neno moja lingemfunika mama, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, Mungu wangu, nilikuwa nimechoka kabisa.

"Alijua."

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Akanyanyuka kwa kushika ukingo wa meza, akapapasa mlango, akatoka, na cheti cha mjukuu wake kikabaki juu ya mashine. Nilikichukua nikamkimbilia mpaka barabarani. Nilimwita Mama Zaituni, nikamwita tena. Alikuwa anatembea katikati ya watu wa gulio, mkono mbele yake akiwaomba njia, na hakugeuka. Niliporudi ndani Meneja alikuwa ameketi kwenye kiti changu, amevaa miwani, anamalizia kuchapa mwenyewe kwa vidole viwili.